Kitanda Kilichotolewa Nje

Katika miaka yote kumi na sita tuliyoishi ukuta kwa ukuta, jirani yangu hakununua kiberiti. Kila alfajiri, baada ya sala, alikuja jikoni kwangu na kumbi la nazi mkononi, akaokota kaa moja la moto, si mawili, na kurudi kwake akitembea taratibu kama aliyebeba yai. Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa alinizidi umri, naye aliitikia marahaba kwa pembe ya mdomo, maana pumzi yake ilikuwa na kazi ya kulipuliza kaa.

Alikozaliwa na ukoo wake sitaandika. Nitaandika niliyoyaona, na mengi kati ya hayo niliyaona kwa jicho la husuda. Nalisema hili mapema, ili msomaji ajue pa kunipunguzia pale nitakapozidisha.

Mimi nilijua kuandika nikiwa na miaka thelathini na saba, katika darasa la kisomo cha watu wazima hapa Kitomanga, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na miaka arobaini na tano, chumba kimoja na mtoto wa shemeji yangu. Tangu hapo kila jambo naliandika tarehe. Jirani hakujua hata herufi ya kwanza. Pale wengine tulipotia saini, yeye alitia dole gumba, kisha akalifuta wino kwenye ukuta wa ofisi ili asichafue kanga. Aliniita Msomi. Hakuliita jina hilo kwa dharau wala kwa heshima. Aliliita kama mtu aitavyo kifaa cha nyumba ya pili ambacho siku moja atakihitaji.

Kanga yake ilikuwa na umri na vyeo. Mwaka wa kwanza ilikuwa ya harusi na msiba, wa pili ya sokoni, wa tatu ya shambani, wa nne ya jikoni. Ikichanika huko, ilikuwa dekio. Dekio likiisha, lilisokotwa utambi wa koroboi. Sukari aliipima kwa kifuniko cha chupa ya soda. Sabuni ya kipande aliifungia kwenye wavu na kuining'iniza juu, ili isiyeyuke kwa kulala majini. Na mume wake, ambaye nitamwita Mzee kama alivyomwita yeye, walikuwa wamefanana kama kucha za mkono mmoja. Mzee alikuwa na baiskeli nzuri, lakini kwenda shambani aliisukuma.

"Sasa shemeji," nilimwuliza siku moja, "baiskeli ya nini kama huipandi?"

"Nikiipanda kwenda na kurudi, shemeji, tairi zitakwisha mara mbili. Hapa naipeleka tu ikalijue shamba."

Nilicheka. Jirani, aliyekuwa akipembua choroko kizingitini, hakucheka. Alisema, "Mcheke tu. Tairi za mumeo mwaka huu amebadili ngapi?" Marehemu mume wangu alikuwa amebadili zote mbili.

Lakini nikisema alikuwa bahili nitakuwa nimesema nusu. Sindano hakuazima. "Sindano ikitoka hairudi na uzi wake," alisema, akafunga mlango. Na huyo huyo, mgeni akimjia kutoka Songo Songo au Kilwa, alichinja kuku, tena mtetea anayetaga, akamwekea mgeni paja na yeye akala shingo. Nilijaribu miaka mingi kuipata kanuni yake. Nadhani ilikuwa hii: hakupenda kitu kitoke mikononi mwake bila yeye kujua kimekwenda wapi. Alijua kuku amekwenda wapi.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomfanya aogope kufa. Si kifo chenyewe; sanda yake na ya Mzee zilikuwa zimekunjwa ndani ya sanduku tangu nilipohamia, pamoja na udi na karafuu maiti. Alichoogopa ni siku ya pili yake. "Mtu akifa," aliniambia, "mali yake huwa ugali wa msibani. Anatia mkono hata asiyemjua marehemu."

Mwaka mmoja ulienea uvumi kijijini kwamba mtu akifa Serikali inakata kodi katika alichokiacha kabla watoto hawajagusa. Wengi walilalamika, wakanyamaza. Jirani alidandia lori la korosho ili asilipe nauli, akaenda mjini Lindi, akasimama mbele ya karani wa mahakama. Alirudi jioni ya Jumatano, tarehe 6 Februari, akaja kwangu kunisimulia akiwa bado na vumbi la njiani kwenye nyusi.

"Nikamwuliza, mwanangu, tukifa Serikali inachukua fungu gani? Akasema, bibi, kodi ya mirathi hapa kwetu haipo. Kuna ada ndogo za mahakamani na nauli za mashahidi, basi. Nikamwambia, hebu niangalie usoni useme tena. Akasema tena. Nikamwuliza, sasa mbona kila msiba ninaouona, mjane anabaki na mkeka? Nani anayemkata?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, wanaokata ni ndugu, bibi. Hao hawana stakabadhi."

Msomaji wa mbali aelewe jambo moja. Kwetu mtu akifa huja watu wa aina mbili. Wapo wa sheria ya dini, ambao mafungu yao yanajulikana: mke mwenye watoto ana thumni, asiye na watoto ana robo, na wengine kila mmoja na lake. Na wapo wapwa, watoto wa dada za marehemu, ambao kwa mila ya wazee wa bara ya Lindi mali ya mjomba ni yao. Familia nyingi husema zinafuata dini, kisha kwenye kikao cha ukoo anayepaza sauti ni mpwa.

Jirani na Mzee walikuwa na mabinti wawili, nyumba moja, mikorosho na minazi. Walilijadili jambo lao mwaka mzima, nami nililisikia lote, kwa sababu ukuta wetu ulikuwa wa udongo. Hatimaye waliamua kutoacha kitu. Kila walichonacho kingetolewa hiba, zawadi ya mtu akiwa hai na akili zake, ili siku ya kikao pasiwe na cha kugawa. Wapwa nao hawakuwasahau. Mzee aliwapeleka kwenye minazi yake sita, akawaambia mbele ya watu, "Hii yenu, tangu leo. Msinisubiri." Mabinti hawakupewa mikorosho kwa maneno. Kila mmoja alioneshwa miti yake, akaokota korosho za msimu ule kwa mikono yake na kuzipeleka ghala la chama kwa jina lake mwenyewe, ili kesho mtu asiseme hakupokea.

Ikabaki nyumba, ambayo Mzee alitaka iwe ya mke wake. Imamu wetu aliwaambia ukweli: hiba haitimii mpaka mpewaji apokee, na mume anayempa mke nyumba huku vitu vyake vimo ndani, kesho warithi watasema hakuitoa kamwe. Ni lazima aondoke na kila kilicho chake, nyumba ibaki tupu, ampe ufunguo mbele ya mashahidi, mke afunge.

Walifanya hivyo Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi. Mzee alitoa jembe, redio, kanzu tatu, makubazi ya tairi na baiskeli. Kisha wakafika kwenye kitanda, wakakwama.

"Hiki si changu," alisema Mzee. "Nilikununulia wewe."

"Lini? Ulinunua kwa ajili ya mgongo wako, wala mimi sikuombwa rai."

"Mwanamke, miaka thelathini unalalia kitanda cha nani?"

"Nalalia upande. Upande si kitanda."

Imamu alishika ndevu. "Kitoeni," akasema, "Mwenyezi Mungu atajua chenyewe ni cha nani." Kikatolewa kwa ubavu, kikakwaruza fremu ya mlango, kikawekwa njiani. Mzee akakabidhi ufunguo, mkewe akafunga, akauchomeka ufunguo kifuani. Mzee, asiye na pa kwenda, akaketi juu ya kitanda katikati ya njia, redio magotini, na watu waliokuwa wakienda mashineni kusaga wakilazimika kumzunguka.

Sisi wanawake tulikuwa tumejipanga penye ua wangu. Sauti yangu ndiyo iliyosikika. Nilisema, "Leo jamani tumeona talaka yenye mashahidi na chai!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Neno lile lilifika mashineni kabla ya adhuhuri na ghalani kabla ya alasiri. Jirani alinitazama mara moja tu. Kisha Mzee aliinuka, akapangusa suruali, akauendea mlango uliokuwa wake asubuhi ile, akagonga kwa kidole.

"Hodi."

"Nani?"

"Mgeni."

"Karibu."

Akaingia, na kitanda kikamfuata. Chai ya mashahidi ilichemshwa kwa kaa lililotoka jikoni kwangu.

Tangu siku ile nilianza kusikia kupitia ukutani jambo ambalo hapo awali halikuwapo. Kila Mzee aliporudi, kutoka shambani, kutoka msikitini, hata kutoka chooni, alisimama mlangoni akasema hodi, na jirani akajibu karibu. Niliamini kwamba ni mchezo wao wa mapenzi, wazee wale, na kwamba wanaucheza kwa sauti ili nisikie. Nilijikuta nikipakua wali kwa kishindo. Mume wangu aliingia kwake kama upepo, bila salamu, akiuliza kiko wapi chakula.

Lakini mume wangu naye alikuwa ametazama. Ijumaa, tarehe 20 Juni, siku ya sita baada ya kitanda kutolewa, aliniambia baada ya kula, "Na sisi tufanye. Huna mtoto wewe, na wapwa zangu nawajua." Nilimwambia kwamba mimi si mwanamke wa kumketisha mume wangu njiani juu ya kitanda. Alirudia neno hilo Jumatatu, tarehe 4 Agosti. Nilimwuliza watu watasema nini, nami nilijua vizuri watasema nini, maana niliyatunga mwenyewe. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 11 Januari, mvua ikinyesha. Aliniambia, "Tutoe hata usiku, asione mtu." Nilimjibu kwamba hiba isiyo na mashahidi si hiba. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na jibu la kila kitu. Hakurudia tena.

Alifariki mwaka uliofuata, tarehe 2 Oktoba, korosho zikiwa zimeanza kudondoka.

Wapwa walikuja siku ya arobaini. Sikuweza kutoka kuwajibu, nilikuwa katika eda, nikawasikiliza kupitia mlango wa chumbani wakihesabu mikorosho kwa sauti. Kikao cha ukoo kilimteua mpwa mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Sitasema alinidhulumu. Alinipa robo yangu, na alinionesha karatasi, nami niliisoma mara mbili kutafuta kosa, sikuliona. Ila robo ya nyumba haina mlango wake. Nyumba iliuzwa ili igawanyike, nami nikahamia kwa mdogo wangu, nyuma ya mashine, ambako kwa miaka saba wifi yangu alinikaribisha kila asubuhi kana kwamba nimefika jana.

Katika eda ile jirani aliniletea uji kila siku kwa miezi minne na siku kumi. Ulikuwa na sukari nyingi. Mtu aliyepima sukari kwa kifuniko cha soda alinimiminia kwa mkono, na mimi nilikunywa nikimchukia, kwa kuwa aliliweka bakuli chini, akaurudisha mlango, akarudi kwenye nyumba yake mwenyewe. Hakuwahi kusema neno juu ya kitanda. Angelisema, ningepata nafuu.

Mzee alifariki miaka tisa baada ya kutoa kitanda, Jumapili, tarehe 8 Aprili. Nitaandika jambo la aibu: nilikwenda msibani nikiwa na shauku. Nilisaidia kupika, nilisaidia kuosha vyombo, nikakaa hadi siku ya arobaini, si kwa ajili ya jirani, bali kwa ajili ya wapwa wa Mzee. Nilitaka kuwaona wakihesabu. Nilitaka niwe na mwenzangu.

Walikuja watatu. Mkubwa wao akauliza kwa adabu marehemu ameacha nini. Imamu akamtajia: baiskeli, redio, jembe, kanzu tatu.

"Na nyumba?"

"Ya mama yenu huyu. Mashahidi hawa hapa."

"Na mikorosho?"

"Waulize dada zako wameuza misimu mingapi kwa majina yao."

Mpwa akatazama huku na huku, akakiona chumbani. "Hata kitanda, sheikh?"

"Kitanda kilitoka nje."

"Basi kama kilitoka ni cha mjomba!"

"Kikarudi ndani kwa ruhusa ya mwenye nyumba," alisema jirani kutoka kwenye mkeka wake, kwa sauti nyembamba ya mtu aliye edani. "Ukikitaka kichukue, baba. Lakini kina kunguni, na wao sikuwatoa hiba."

Mpwa mwenyewe alicheka kwanza. Walikula wali, wakagawana kanzu, mmoja akaondoka na baiskeli akiisukuma kwa sababu hakuwa na pampu. Nami nilirudi nyuma ya mashine, nikajifungia, nikalia machozi ambayo sikuyalia tarehe 2 Oktoba.

Jirani aliniita mwaka uliofuata. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 13 Mei. Nilimkuta amekaa kizingitini, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, miguu imevimba, mabinti zake wawili wamesimama nyuma yake na imamu amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Msomi. Chumba cha uani umekiona? Nimekitoa vitu vyote tangu jana. Nataka nikupe."

Nilimwambia kwamba mimi si wa kupewa sadaka.

"Nani kasema sadaka? Miaka kumi na sita nimekula moto wako. Hata kaa la mwisho sikulirudisha." Akasugua goti. "Tena kuna jingine. Unajua kwa nini Mzee alikuwa akibisha hodi?"

"Mlikuwa mkitaniana."

"Siku ya kwanza alitania. Watu walipocheka, akaacha kutania. Akasema, kweli, mimi ni mgeni hapa, acha nikae kama mgeni. Miaka tisa, Msomi. Akitaka maji anaomba. Akitaka kuhamisha kigoda anauliza kama anaweza. Nilimwambia ingia tu, baba, nikamlilia. Anasema, nyumba ya watu hiyo." Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kitanda. "Nami nikikaa hapa namsikia mumeo anaingia kwako kama ng'ombe zizini, anauliza chakula kiko wapi. Nilikuwa nawaonea wivu, nikashindwa kulala."

Mabinti walitazama chini, na imamu akajishughulisha na tasbihi yake. Neno lililomfanya mume wake mgeni lilikuwa langu, na ndilo hilo hilo lililoninyima nyumba; tulikuwa tumelipa sote wawili, na ni mimi pekee niliyecheka.

"Mabinti zangu wameridhika," aliendelea. "Chumba ni chako, ufunguo huu. Lakini mlango wa kati hauna komeo. Upande wangu uingie bila hodi. Hilo ndilo sharti, na imamu asiniambie hiba haina sharti."

"Haina," alisema imamu.

"Basi si sharti, ni ombi."

Niliupokea ufunguo mbele ya mashahidi. Niliingia, nikafunga kwa ndani kama inavyotakiwa. Chumba kilikuwa kimefagiwa, tupu, ukutani alama ya mahali sanduku lilipokuwa. Nilikuwa bado nimesimama katikati nilipousikia mkongojo wake uani.

"Hodi."

Nilimsikia. Alikuwa nje, mimi ndani. Tangu nimjue hakuwahi kusubiri nje nimruhusu, na ninakiri nilikaa kimya ili jambo hilo lidumu kidogo.

"Hodi, mwenyewe."

Nikaisikia hodi ile aliyoisikia yeye miaka tisa. Nikafungua haraka, nikamwambia, "Ingia, dada. Na kesho usibishe."

Kesho yake alibisha. Akabisha na kesho kutwa, akabisha kila alfajiri, kumbi la nazi mkononi, akaokota kaa moja, si mawili. Mimi nami kila jioni nilikwenda upande wake, na kila jioni, bila kukusudia, niligonga kwa kidole kabla ya kuingia, naye akasema, "Msomi, masikio huna?"

Ijumaa, tarehe 23 Agosti, moto ulikuwa umeshika vizuri na hakuna aliyebisha. Nilisubiri hadi jua lilipopanda juu ya mikorosho. Kisha nikausukuma mlango wa kati, nikaingia kama ng'ombe zizini, bila hodi, kama alivyoniomba. Alikuwa amelala upande wake wa kitanda, upande wa Mzee ukiwa mtupu, na sanduku la sanda amelisogeza karibu na mlango ili nisihangaike kulitafuta.

Nilimfunika. Nikaketi pembeni yake kabla ya kwenda kuwaita watu, nikamwonea wivu kwa mara ya mwisho, kwa kuwa alikuwa na mtu wa kuingia kwake bila kubisha.